Milio sita

Mashine ililia mara sita, ikanyamaza kama sekunde mbili, ikalia tena mara sita. Taa nyekundu ya mbele ilipepesa kwa mwendo uleule. Fundi hakuigusa. Alikaa kwenye kigoda, mikono ameikunja kifuani, akihesabu kwa midomo bila sauti kama mtu anayesali rozari. Baada ya mzunguko wa tano mlio ulikatika, taa ikaendelea kupepesa peke yake.

"Sita," akasema. "Haijabadilika. Sasa tunaweza kuanza."

Mwenye mashine alimtazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kulipa mara mbili. "Mwanangu, nimekuletea uitengeneze. Kusikiliza, hata mimi nimeisikiliza siku nne."

"Umeisikiliza, mama. Umeihesabu?"

Hakuwa ameihesabu. Na mafundi wawili waliomtangulia kijana huyu, ikiwa waliihesabu, hawakumwambia.

Mama huyo anaendesha sekretaria katika mtaa wa Ngozi, hapa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura. Msomaji wa Dar es Salaam angeiita steshenari: kibanda chenye kompyuta, printa, mashine ya fotokopi na viti viwili vya plastiki, ambapo mtu huingia na karatasi iliyoandikwa kwa mkono akatoka na barua ya kuomba kazi. Mitaa ya Kinama ilipewa majina ya mikoa: Gitega, Ngozi, Muyinga, Ruyigi, Bururi, Bubanza. Mwaka 2025 nchi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5, na katika majina hayo ni Gitega pekee lililobaki kuwa jina la mkoa. Lakini Kinama haikubadilishwa na mtu. Bado unaweza kutoka Ngozi ukaenda Muyinga kwa miguu, na hivyo ndivyo tulivyofanya Jumanne ile, mimi na mama, nyuma ya baiskeli ya kukodi iliyobeba mashine imefungwa kwa mpira kama mbuzi wa mahari.

Mimi nilifuata kwa sababu yangu. Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na kijitabu cha kuganduka cha mjomba wangu. Kuganduka ni sherehe ya kumaliza msiba: muda wa maombolezo ukishapita, ukoo unakaa, mambo ya marehemu yanasemwa hadharani, anayedai anajitokeza, kisha watu wanakunywa na kurudi kwenye maisha yao. Zamani maneno yalitosha. Siku hizi ukoo usio na kijitabu chenye picha za rangi unaonekana kama haukumpenda marehemu wake. Nilikuwa nimekusanya picha kutoka kwa mashangazi watatu wasiosemezana, zikapangwa, zikaandikiwa maelezo, na sherehe ilikuwa Jumamosi.

Kabla ya kufungua chochote fundi alinituliza kwa sentensi moja. "Mzee, kitabu chako hakijafa. Kiko kwenye diski, na diski nimeisikia inazunguka. Mashine hii haikufa, imepofuka."

Upofu ndilo neno lenyewe. Kompyuta inafikiri kwa kichwa kimoja na kuchora kwa kingine. Kazi ya kuchora, yaani kuyageuza mahesabu kuwa nukta za rangi kwenye skrini, hufanywa na kifaa ambacho vitabu vinakiita kadi ya michoro. Mafundi wa Bujumbura wanakiita karti grafike, kwa kuwa hapa vipuri vina majina ya Kifaransa, bei hujadiliwa kwa Kiswahili, na lawama hutolewa kwa Kirundi. Kompyuta nyingi za kawaida za ofisini zina uwezo mdogo wa kuchora uliojengwa ndani yake, hivyo kadi ikifa unaichomoa, unahamishia waya nyuma ya mashine yenyewe, na maisha yanaendelea. Ningemshauri kila mtu ajaribu hilo kabla ya kutoa hata faranga moja. Mashine ya mama haikuwa na bahati hiyo. Ni HP Z400, aina iliyoingia sokoni mwaka 2009 kwa ajili ya wahandisi na wasanifu wa majengo. Watu wa namna hiyo waliweka kadi kubwa wenyewe, kwa hiyo waliounda mashine hawakuona haja ya kuiwekea macho ya akiba. Ilifanya kazi Ulaya kwa miaka kadhaa, ikauzwa kwa jumla pamoja na nyingine za ofisi hiyo, ikafika Afrika Mashariki ndani ya kontena, ikapanda hadi Kinama. Ndani ilikuwa na Quadro FX 1800, kadi ya umri uleule yenye kumbukumbu ya megabaiti 768. Kwa kadi za harusi na vyeti vya ubatizo, ni nguvu za kutosha na kubaki.

Sasa nieleze yaliyotangulia, maana ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Skrini ilipozimika mara ya kwanza, mama aliipeleka mashine kwa fundi wa mjini. Huyo aliifungua, akasema barete za kumbukumbu zimechoka, akamuuzia mbili. Mashine iliwaka siku moja, ikalala. Fundi wa pili alisema ubao mama umeungua na mashine nzima haina maana tena, ila yeye, kwa huruma yake, yuko tayari kuinunua kwa bei ya vipuri. Mama si mjinga. Anasema alipoona huruma hiyo inatoka haraka namna ile, aliinua mashine yake akaondoka.

Simlaumu sana yule wa kwanza. Nilimuuliza kijana wa Muyinga kwa nini mwenzake aliuza barete bila kupima, akanijibu huku akitafuta bisibisi: "Mzee, hapa mtu analipa kipuri, halipi jicho. Nikikaa saa tatu nikagundua kwamba waya umelegea, nikaukaza, nitamwambia anipe nini? Atasema, si umekaza waya tu? Lakini nikimpa barete, ameshika kitu. Atalipa, na atashukuru."

Hiyo ndiyo hesabu inayoendesha ufundi wa kompyuta katika mitaa yetu, na nadhani si yetu peke yetu. Fundi mwaminifu anakufa njaa kwa kuwa kazi yake kubwa haionekani, na asiye mwaminifu anashiba kwa kuwa kosa lake lina sanduku na risiti. Ukitaka kujua kwa nini kadi nyingi nzima hutupwa na nyingi mbovu huuzwa tena, anzia hapo.

Kijana huyu alijifunzia kompyuta katika Kituo cha Vijana cha Kamenge, kile kinachohudumia vijana wa mitaa ya kaskazini na kilichopewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002. Anasema alikwenda kwa ajili ya mpira wa kikapu. Karakana yake ni chumba kimoja. Mashine zote zimewekwa juu ya matofali tangu usiku ule wa Februari 2014, maji na matope yaliposhuka kutoka milimani yakaua makumi ya watu katika mitaa hii.

Alianza kwa maswali, na hili mafundi wa haraka hulikwepa.

"Mama, kabla haijazimika kabisa, skrini ilikuwaje?"

"Ilikuwa na vidoti. Vya kijani. Bibi harusi mmoja alitokwa na vidoti usoni kama mwenye tetekuwanga. Nilidhani ni virusi."

"Ulipomchapa kwenye karatasi?"

Mama akafikiri. "Alikuwa safi."

"Na asubuhi ulipowasha, ile nembo ya HP inayotangulia kabla ya Windows, nayo ilikuwa na vidoti?"

"Mistari. Kama pazia limechanika."

Fundi akanigeukia mimi, kana kwamba nami ni mwanafunzi. Picha safi kwenye karatasi maana yake faili ni zima na kichwa kinachofikiri ni kizima. Mistari juu ya nembo maana yake ugonjwa ulikuwapo kabla Windows haijaamka, hivyo hakuna virusi wala programu ya kulaumu. Maswali matatu, na tayari nusu ya washukiwa wameachiwa huru. Hakuwa ameshika hata skrubu moja.

Kisha milio. Mashine za HP za ukoo huo huzungumza kwa hesabu: zikilia mara tano zinalalamikia kumbukumbu, mara nne zinalalamikia umeme wa ndani, mara sita zinasema hazioni kadi ya michoro. Mashine za watengenezaji wengine zina lugha zao. Zile zenye BIOS ya Award, kwa mfano, hutoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi kwa ugonjwa huohuo. Kwa maneno mengine, wakati mama anauziwa barete, mashine yenyewe ilikuwa ikipiga kelele kwamba barete hazina neno.

"Basi ni kadi," nikasema, nikiwa na haraka ya Jumamosi.

"Milio inasema haioni kadi. Haisemi kwa nini."

Akachomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani utoke, akashika chuma cha kasha kwa kiganja kizima kabla ya kugusa kitu kingine, maana mwili wa mtu hubeba umeme mdogo ambao wewe huusikii lakini chipu huusikia. Ubavu ulipofunguka, mama aligeuza uso kwa aibu. Vumbi lilikuwa limeshonana ndani kama blanketi la mtoto. Kiangazi cha Bujumbura, kuanzia Juni, kinaleta vumbi la barabara zisizo na lami, na feni ya kompyuta haichagui inachovuta.

Aliitoa kadi, akaipiga brashi, akasugua meno yake ya dhahabu kwa kitambaa chenye spiriti. Mafundi wengi hutumia ufutio wa penseli. Unasaidia, lakini ukisugua sana unaondoa dhahabu yenyewe. Akairudisha mpaka kile kilimi cha plastiki kikabana. Akawasha. Sita. Akaihamishia kwenye tundu la pili. Sita. Akapima volti za saplai kwa multimita: ziko sawa. Hilo lilipita haraka, kwa kuwa kadi hii inakula wati 59 na tundu lenyewe linaruhusiwa kutoa hadi 75, hivyo haihitaji hata waya wa ziada.

Ndipo akafungua kabati akatoa kadi ndogo, imefungwa ndani ya mfuko wa fedhafedha, na mfuko umefungwa ndani ya soksi. Hiyo haiuzwi. Ni kadi ya kupimia, ya zamani, dhaifu, lakini anajua kwa yakini kwamba ni nzima, kama mtu anavyomjua shahidi asiyesema uongo. Akaiweka ndani ya Z400. Mlio mmoja mfupi, nembo ya HP ikatokea, safi, haina mstari.

Mama akapiga makofi. Mimi nikaangalia saa. Fundi hakufurahi bado. Akaichukua ile Quadro ya mama akaiingiza ndani ya mashine yake mwenyewe, nzima, ambayo dakika tano kabla ilikuwa ikicheza muziki. Mashine hiyo nayo ikapofuka.

"Sasa ndiyo nasema," akasema. "Mashine yako na kadi nzima: inaona. Kadi yako na mashine nzima: haioni. Ushahidi wa upande mmoja hautoshi. Ningeishia kwenye ule wa kwanza, huenda ugonjwa ungekuwa kwenye tundu lililolegea, na kadi ndogo imeingia tu vizuri zaidi."

Saa mbili na nusu zilikuwa zimepita. Hakuna kilichouzwa.

Kwa nini kadi hufa? Haina gurudumu wala mkanda, haikatiki kama mnyororo wa baiskeli. Jibu liko kwenye lehemu. Chipu ya kadi imekaa juu ya kibao chake kwa mamia ya vitone vidogo vya lehemu, na kibao hicho nacho kimekaa juu ya kadi kwa vitone vingine. Kadi ikipata moto kila kitu kinavimba, lakini si kwa kipimo kimoja: silikoni inavimba kidogo, plastiki na shaba zaidi. Ikipoa vinarudi. Kila kuwasha na kuzima ni kuvuta na kuachia, kama waya unaoukunja huku na huku kwa vidole. Siku moja kitone kimoja kinapasuka, na bibi harusi anaota vidoti vya kijani.

Makampuni makubwa yamelipia somo hili. Julai 2007 Microsoft ilitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya mashine za michezo za Xbox 360 zilizokuwa zikifa na kuwasha taa nyekundu tatu. Mwaka 2021, katika filamu ambayo kampuni ilitoa kuhusu historia yake, ilielezwa kwamba viunganishi vya ndani vilivunjika kwa kupashwa moto na kupozwa kila mashine ilipowashwa na kuzimwa. Julai 2008 Nvidia, watengenezaji wa Quadro hii, walisema watatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikiharibika kwa sababu ya udhaifu wa malighafi za kufungia chipu. Na mwaka 2005 Dell walikuwa wametenga takriban dola milioni 300, safari hiyo si kwa lehemu bali kwa kapasita zilizovimba kwenye mbao za kompyuta zao za OptiPlex. Ndugu za OptiPlex hizo bado ziko kwenye vibanda vya kanda hii. Ukiona kikopo kidogo kwenye ubao kimetutumka kichwani kama chapati iliyozidi moto, umemwona mmoja wao.

Sasa weka hesabu hiyo katika Kinama. Ofisini Ulaya mashine kama hii iliwashwa asubuhi ikazimwa jioni: kuvimba mara moja, kunywea mara moja. Hapa umeme wetu mwingi unatoka kwenye maji, na maji yakipungua, au kitu kikikatika popote kati ya bwawa na nguzo ya mtaa, tunaingia kwenye kile ambacho kila mtu anakiita delestaji. Umeme unakatika saa nne, unarudi saa sita, unakatika saa nane. Mashine ya mama inaweza kuvimba na kunywea mara nne au tano kabla ya adhana ya magharibi, na kila umeme unaporudi unarudi kwa kishindo. Mtu akisema vifaa vya mitumba havidumu Afrika kwa sababu ni vya mitumba, mwambie ahesabu pia mara ngapi vimewashwa.

Nikamuuliza fundi kuhusu dawa niliyowahi kuisikia, ya kuioka kadi. Akacheka hadi akaweka bisibisi chini. Aliwahi kuifanya. Mwaka wake wa kwanza kazini aliiweka kadi ya mteja juu ya mbabula, yaani jiko la mkaa, kwenye sahani ya bati, akaigeuzageuza kama mishikaki. Kadi ikaamka. Akalipwa, akasifiwa, akala samaki wa mukeke jioni ile. Siku ya tisa mteja alirudi na kadi iliyokufa na ndugu zake wawili.

Sababu inaeleweka. Lehemu isiyo na risasi, ambayo Ulaya iliilazimisha kuanzia Julai 2006, huyeyuka karibu nyuzi 217, na ile ya zamani yenye risasi nyuzi 183. Mbabula haina kipimajoto. Mara nyingi joto hilo haliyeyushi chochote. Linavimbisha tu, nyufa zinagusana, kadi inapumua kwa siku chache kama mgonjwa anayeomba uji kabla ya kukata roho. Karakana zenye mashine maalumu za kubadilisha chipu zinaweza kufanya kazi ya kweli, lakini kwa kadi ya umri huu gharama yake inazidi bei ya kadi nyingine. Fundi wangu hapendekezi. "Kuoka ni kukopa siku," akasema, "na mkopeshaji anajua kwako."

Ikabaki kununua. Hapa mama ndiye aliyekuwa na haraka, na haraka yake ingemponza. Mpwa wake alikuwa amemtumia picha ya kadi mpya kabisa, GeForce GT 1030, iko dukani, ndani ya boksi lake. Nzuri, ya mwaka 2017, inakula wati 30 tu. Fundi aliuliza swali moja: skrini yako ina waya gani? Mama akauonyesha: VGA, ile ya buluu yenye pini kumi na tano na skrubu mbili ubavuni, kama skrini nyingi za Kinama.

GT 1030 haitoi picha ya namna hiyo. Kuanzia kizazi hicho Nvidia waliacha kabisa kutoa mawimbi ya analojia, na kile kiunganishi kidogo cha bei poa ambacho zamani uliweza kukichomeka kwenye tundu la DVI ili upate VGA hakifanyi kazi tena. Ungehitaji kigeuzi chenye chipu yake, au skrini nyingine. Mama angeitoa kadi mpya kwenye boksi, angeichomeka, angeona giza, na angeamini kwamba ubao mama wake umeungua kweli kama alivyoambiwa. Fikiria ni watu wangapi wametupa mashine nzima kwa sababu ya waya wa buluu.

Chaguo likawa mawili. GT 710, iliyotoka mwaka 2016, inakula wati 19, na matoleo yake mengi yana tundu la VGA lenyewe. Ilikuwapo mjini, lakini kwa bei iliyokaribia kodi ya kibanda ya miezi miwili. Bidhaa za aina hii zinakuja ndani ya mabegi ya wafanyabiashara kutoka Kariakoo au Dubai, zinapitia mpaka wa Kobero au bandari ya Kigoma, zimenunuliwa kwa dola, na dola Bujumbura ni kitu unachokitafuta kabla hujakinunua. Chaguo la pili lilikuwa Quadro 600 ya mitumba, kadi ya mwaka 2010, gigabaiti 1, wati 40, yenye tundu la DVI ambalo bado linakubali kiunganishi cha VGA. Fundi alijua nani anayo, mtaa wa pili. Alikwenda kwa miguu, akarudi nayo mfukoni, na kabla mama hajatoa hela akaipima kwa kuipa mashine kazi ya kuchora kwa dakika arobaini mfululizo, mkono wake juu ya kipoza joto. Kisha akaivua kipoza hicho, akafuta girisi ya joto iliyokauka kama tope la kiangazi, akapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele.

Kuiweka kulichukua dakika sita. Kilichochukua muda ni baada ya hapo. Windows iliamka ikiwa na picha kubwa, nzito, imejaa kwenye kona kama mtu aliyevaa miwani ya mwenzake. Kila kadi inahitaji dreva, yaani programu inayoitambulisha kwa mfumo, na dreva za kadi za ukoo wa Quadro 600 Nvidia walikwisha kuacha kuziendeleza. Zile za mwisho bado zinapatikana, lakini ni mamia ya megabaiti, na kwa vifurushi vya simu vya Kinama huo ni mzigo. Fundi anazo kwenye flashi, amezipanga kwa majina ya kadi. Flashi hiyo nayo haiuzwi. Windows 10 yenyewe ilimaliza kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Z400 haikubaliki rasmi kwenye Windows 11, kwa hiyo alimshauri mama aiweke mashine hiyo mbali na intaneti na faili za wateja aziingize kwa tahadhari. Mama aliitikia kwa namna ambayo watu huitikia ushauri wa kupunguza chumvi.

Kijitabu cha mjomba kilifunguka saa kumi na moja jioni. Uso wake ulijaa skrini nzima, hauna kidoti. Shangazi wa pili alikuwa amekatwa nusu kwenye picha ya ukurasa wa nne, lakini hilo lilikuwa kosa langu, na nilishukuru kuliona mapema.

Ukafika wakati wa hesabu. Fundi alitaja bei ya kadi kama alivyoinunua, akaongeza kidogo, akanyamaza.

"Na kupima?" nikauliza.

Akatabasamu akitazama chini. "Kupima si kitu, mzee."

Mama akamtazama. Nadhani alikuwa akijumlisha barete mbili ambazo hazikuhitajika. Alilipa kadi, akaweka juu yake noti nyingine bila kusema ni za nini. Siku ya Alhamisi, baada ya kumaliza kuchapa vijitabu vyangu 80, alichapa ukurasa mmoja wa ziada kwa herufi nyekundu zilizojaa karatasi: KUPIMA KUNALIPIWA. Akanipa nimpelekee.

Fundi aliupokea kwa mikono miwili, akausoma, akausifia rangi, akaukunja akauweka kwenye droo ya skrubu. Alisema ataubandika Jumatatu.

Nimepita pale juzi. Zimepita Jumatatu tatu. Ukutani kuna kalenda na bei za vocha za simu, na ile karatasi bado iko kwenye droo, pembe yake nyekundu imetokeza. Nikiwa nimesimama mlangoni akaingia kijana mmoja na kompyuta ya mkononi kwapani, jasho linamtoka, akasema ana haraka sana, hataki itengenezwe, anaomba iangaliwe tu.

Fundi akavuta kigoda chake, akakaa, akakunja mikono.

"Washa," akasema.